Ukurasa wa Themanini

Frater Apolinari ameleta tasnifu kwa mkono,
kaunta buku tatu, mwandiko umeinama
kama waumini wakati wa mageuzo.
Mia tano kwa ukurasa, nikamwambia,
michoro ina bei yake.
Hakuna michoro, akasema. Ni kuhusu kutiishwa.

Duka liko Chang'ombe, mkabala na fundi betri.
Kompyuta mbili, moja inapiga chafya.
Mwenye duka, Bwana Mwinshehe, huja saa kumi na moja
kuhesabu karatasi. Si fedha kwanza. Karatasi.

Basi nikachapa. Nikachapa kwamba zama zile za kati,
katika nyumba za mawe zenye baridi nisiyoijua,
walimu wa Kanisa waliipanga dunia kama ngazi ya mpaka rangi:
jiwe chini ya mti, mti chini ya mnyama,
mwili chini ya roho, tamaa chini ya akili,
mke chini ya mume,
na hata malaika, makundi tisa,
kila kundi na wakubwa wake.
Hapo nilisimama nikanywa maji.
Nilidhani angalau kule.

Ukurasa wa hamsini na mbili: utii ni wa aina mbili.
Wa kwanza ni wa mtumwa. Anayetawala anakutumia
kwa faida yake. Huo uliletwa na dhambi.
Wa pili ni wa nyumbani na mjini. Anayetawala anakuongoza
kwa faida yako wewe. Huo ungekuwepo
hata kama tunda lisingeliwa.

Nikasoma mara mbili, kazi ambayo silipwi.
Nikampima Bwana Mwinshehe.
Nikampima na marehemu Gaudensi, mume wangu,
aliyekishika kitabu changu cha benki miaka kumi na moja,
"kwa faida yako, Leokadia,"
na kweli kilinunua bati,
na bati lile ndilo linalonistiri mvua hii Mbagala,
na kweli sikuulizwa.
Hiyo ni aina ya ngapi? Frater hakuandika.

Wanawake wake wengi wako kwenye tanbihi.
Kapiga mstari kwa rula, akawapanga chini, herufi za sisimizi.
Ubavu nao uko huko, namba arobaini na moja:
kwamba mwanamke hakutwaliwa kichwani, asije akatawala,
wala miguuni, asije akakanyagwa.
Nikaikuza, saizi tisa hadi kumi na mbili,
nione tu.
Ukurasa mzima ukasogea kuipisha.
Mistari saba ya wakubwa ikaangukia ng'ambo.
Nikairudisha tisa.
Kumi, basi.

Kisha ukurasa wa themanini:
"Ingawa aliye chini anapaswa kumtii mkubwa wake."
Nukta.
Kishazi tegemezi, peke yake,
kama mtoto aliyesahauliwa langoni mwa shule.
Mwalimu Mbwilo alitupigia sana hilo, kidato cha pili:
kitegemezi hakiendi nyumbani chenyewe,
kinasubiri kishazi huru kije kukichukua.

Alipokuja nilimwonyesha. Akavua miwani.
"Kengele ililia," akasema. "Ikilia tunaacha
hata herufi nusu. Ndiyo kanuni, tangu watawa wa kale."
Na baadaye?
"Baadaye sikukumbuka nilitaka kusema nini."

Fedha pia hana. Hashiki fedha.
Gombera lazima asaini, na gombera yuko Bagamoyo
hadi Jumatatu.
Tukatazamana, watu wawili wa chini ya mstari,
na nyuma yetu Bwana Mwinshehe
alilamba kidole, akageuza karatasi, akalamba.

"Imalizie wewe," Frater akasema, kwa sauti ya kitubio.

Nikaketi.
Nikaifuta nukta, nikaweka mkato.
Kile kijiti cheusi kikaanza kupepesa mbele ya mkato,
kinawaka, kinazima,
hakiniamrishi neno.