Ufa wa Kidole Kimoja

Gari la Bi Ruzuna lililetwa Jumatatu
likinuka kama tambara la jikoni lililosahauliwa ndooni.
Viti vimekunywa mvua usiku kucha.
Kando ya breki ya mkono maji yamesimama,
na ndani yake kitufe cha shati la kiume.

"Fundi, nataka nikilifunga, lijifunge lote."
Nikamwambia linawezekana. Kazi ya nusu siku,
relei nne, kipima-muda kimoja,
na fyuzi yake peke yake, nisije nikaunguza gari la watu.

Nikang'oa ubao wa mlango wa dereva.
Klipu mbili zikavunjika.
(Klipu hizi huvunjika. Nisilaumiwe.)

Mota ya kioo ina waya mbili tu.
Hii ikipata chanya, kioo kinapanda;
zigeuze, kinashuka.
Hakina akili zaidi ya hiyo.
Alamu nayo, kila ukibonyeza rimoti,
hutoa neno moja fupi, neno la hasi,
kwenye waya wa buluu uliozibwa tepu tangu kiwandani,
miaka yote ukisema peke yake.
Kazi yangu ni kuutafutia msikilizaji.

"Kitsao, mulika hapa. Si hapo, hapo ni taa za breki."

Shaba ya Malindi haichuniki safi.
Chumvi huingia hata chini ya plastiki,
ukikata unakuta kijani, ukikata tena, kijani,
mpaka ufike mahali inapong'aa
na waya umebaki mfupi kuliko haja yako.

Bi Ruzuna kakaa juu ya tairi, leso magotini.
Hakuulizwa. Alisema tu, akiutazama mlango ulio uchi:

"Miaka kumi na minane wodi ya wazazi.
Narudi saa nane za usiku, miguu si yangu,
naliacha gari kama lilivyo, vioo chini.
Asubuhi nakuta vimefungwa.
Nikijisifu, wallahi. Nikisema,
hata usingizini mimi ni mwangalifu.

Lali tumemzika Rajabu.
Nimetoka eda, nimerudi zamu,
mvua ya kwanza tu
ikaniambia ni nani aliyekuwa akifunga."

Sikujibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Saa tisa tukajaribu.
Nilimtuma Kitsao kwa mama wa Maweni akanunue muhogo,
nikauweka kwenye ukingo wa kioo, nikabonyeza.
Kioo kilipanda, kikauminya, ukavunjika paa!
"Umeona? Hakijui muhogo, hakijui mkono wa mtoto.
Kabla ya kubonyeza, geuka utazame."
Akaitikia kama anavyoitikiwa yeye na wake wenye mimba.

Kisha akaenda nyuma, upande wa kushoto,
akaweka kidole juu ya kioo.
"Hiki alikuwa akikiacha hivi. Ufa wa kidole.
Nikidhani ni kibovu."

"Mvua itaingia."
"Kidogo."

Ikabidi kipima-muda cha pili.
Vitatu nikavipa sekunde tano,
hiki nikakipunja: tatu na robo.
Nikamwambia ukweli, kwani fundi anayeficha hurudiwa na gari:
"Mama, saa hii haijui kioo kimeanzia wapi.
Kikiwa chini kabisa, utaupata ufa wako.
Kikianzia nusu, kitafunga chote."

Alifikiri.
"Basi sawa. Na yeye hakuwa kila usiku."

Akabonyeza mwenyewe.
Vitatu vikagota juu, tok, tok, tok,
kama watu wanaokwenda kulala kwa zamu.
Cha nne kikaja nyuma yao na kusimama.
Akapitisha kidole. Kikapita.

Akalipa pungufu ya mia mbili.
"Hizo," akasema, "ni za klipu."