Saa Nane

Bwana shamba Emuria alisema: ziloweke saa nane,
kisha zianike kivulini, kisha ungoje mvua.
Kiswahili chake kilikuwa cha kambini Tororo, cha amri fupi.
Mama, Asekenye, akatazama jua la Ngora,
na ilipotimu saa nane mchana, wala si dakika zaidi,
akazimwagia kunde maji, karai tele,
akafunika kwa ungo.
Hakuna aliyemwambia aziopoe lini.

Jioni ikaja habari ya msiba, Kumi.
Tukaondoka. Kunde zikabaki na maji yao.

Baadaye sana, nikiwa na koti jeupe na mizani ya miligramu,
ndipo nilipojua kilichotendeka chini ya ule ungo.
Kunde kavu ni bahili.
Imefunga sukari yake fundo juu ya fundo,
ile ile inayotuvimbisha matumbo
tukasingiziana usiku.
Kiinitete hakiwezi kuimeza hivyo ilivyo.
Maji yakipenya penye kovu la kitovu
vimeng'enya huamka, hukata fundo moja, la pili,
na utamu mfupi hutiririka
kuuendea mzizi ambao bado si mzizi.
Hapo ndipo pa kuitoa. Hapo, ngozi haijapasuka.
Ikaushe: italala, ila si usingizi ule wa kwanza.
Imeshahesabu akiba yake.
Mvua itaikuta mlangoni, imevaa viatu.

Zetu zilitoka bila kungoja mtu.
Siku ya pili tulifunua ungo:
mikia myeupe, karai zima,
na harufu ya chachu kwa mbali.
Mbegu ya msimu.
Mama hakulia. Alizisuuza mara tatu,
akazipika kwa magadi, akatia ufuta wa kusaga.
Zilikuwa tamu, tamu ajabu,
na kaka yangu Okiror, mshitakiwa wa kila usiku,
alilala kimya hadi asubuhi.

Msimu uliofuata mama aliazima saa ya mwalimu.
Saa nne usiku akazitia majini, akakesha nazo;
saa kumi na mbili alfajiri akaziopoa.
Siku ya nne baada ya kupanda
matuta yetu yote yalikuwa yameinua shingo.
Za jirani zilikuwa bado zinafikiri.

Mpaka leo, maabara,
nikiandika "saa nane" kwenye lebo ya chupa
kalamu husita, huongeza:
kuanzia lini,
hadi lini.