Shubiri na Dhiraa

Juu ya paa, Mudhairib, saa tano usiku,
joto bado limekaa kwenye saruji kama mgeni asiyeaga.
Kompyuta mapajani. Shangazi Ghaniya ananiuliza
kwa Kiunguja alichokuja nacho mwaka sabini na moja:
"Wasikiliza nini, na masikioni huna kitu?"

Haidrojeni, Shangazi. Gesi tu,
atomu moja moja, baridi,
udongo ambao nyota hazijafinyangwa bado.
Kila moja hukaa kimya miaka milioni kumi,
kisha hujigeuza, kama mtu usingizini,
na mgeuko huo hutoa wimbi refu kiasi cha shubiri.

Ananyoosha kiganja. "Hii?"
Hiyo hiyo.
Ila hili limesafiri miaka bilioni nane
na njia yenyewe ilikuwa ikirefuka.
Liliondoka shubiri, limefika dhiraa.

Anajipima, kiwiko hadi ncha ya kidole.
"Laiti muuza vitambaa wa Ibra angepima hivyo."

Galaksi moja haisikiki.
Nimezipanga elfu saba, moja juu ya nyingine,
mpaka mchoro ukaota kinundu,
kidogo, kama chunusi.
Miaka yangu mitatu ni hicho kinundu.

Hapa zamani maji ya falaji yaligawiwa kwa nyota:
Kilimia kikizuka juu ya mlima ule
zamu yako imekwisha,
unaziba mfereji kwa jiwe na matambara,
unamwachia jirani.
Mimi nimeligeuza. Nyota ndizo zenye mashamba,
napima maji yao.
Wakati ule zilizaliwa karibu mara kumi ya leo,
na gesi waliyokuwa nayo
ingetosha miaka bilioni moja, mbili,
isipoongezwa.

"Ikaongezwa?"

Kidogo. Kisha kidogo zaidi.

Ananyamaza. Chini, mfereji wetu una vumbi
na gamba la betri ya mtu.
"Falaji haikauki kwa kunywewa," asema.
"Hukauka kisima mama kikikauka,
nacho kiko mbali, hukioni,
wewe waona mitende tu, bado kijani."

Nataka kuliandika hilo. Kalamu sina.
Yeye kashainuka, yuko kwenye tangi,
agonga kwa kifundo cha kidole, juu,
katikati, chini,
sikio limegusa plastiki,
akitafuta pale sauti inapobadilika.
Lori la maji ni Jumanne. Leo Jumamosi.
"Hapa," asema,
na kutoka chini ya tangi hadi pale alipogonga
anaweka kiganja kilichonyooka:
shubiri.