Pindo

Mvua ya kwanza ilipopiga mabati ya Katuba
alitua juu ya meza yangu ya kukatia,
kati ya chaki na mkasi,
malkia asiye na raia hata mmoja.
Akavua mabawa mwenyewe, yote manne,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni
ukatambua hana nia ya kuondoka.

Nilimtia katika kichupa cha sindano:
maji nyuma, pamba katikati,
na giza lake, soksi nyeusi iliyopotelewa na mwenzake.
Siku arobaini hakuonja kitu. Mwadi akasema,
"Umefungia maiti ndani ya soksi."
Kumbe alikuwa anakula misuli ya mabawa,
anafumua safari, anashona watoto.

Wakatoka wanane, rangi ya chai,
wangepita wote tundu la sindano yangu.
Nikawapa tone la maji ya sukari kwenye ncha ya njiti;
wakalizunguka kama ndoo zinavyozunguka bomba
siku maji yakirudi.

Mimi fundi. Nguo ya mtoto naijua:
unaacha pindo la vidole vitatu,
mwakani unalifumua, nguo inasogea na mwana.
Hawa hakuna pindo linalowatosha.
Krismasi, kichupa. Pasaka, kopo la maziwa ya unga.
Juni, katika ule ubaridi unaopasua midomo,
sanduku la kioo, na mpira wa dripu
kuunganisha chumba na chumba,
na bado asubuhi nakuta mabuu wamerundikwa mlangoni
kama mizigo ya watu wanaongoja lori la Kasumbalesa.

Mende watatu kwa siku. Halafu saba.
Mwadi alihesabu sukari kwa kijiko,
akanihesabu na mimi.
Kapya wa jirani nikamlipa kitambaa,
kipande kimoja kwa panzi mmoja,
mpaka mama yake akaja kuuliza
ni nguo gani hiyo inayoshonwa kwa panzi.

Kila jioni, kabla umeme haujakatika,
napaka vaselini ukingoni, mduara mzima,
kama mama anavyompaka mtoto wa shule.
Hakuna atakayetoka.
Hilo nilimwapia mke wangu.

Jana nikachungulia jaa lao
(wana jaa, pembeni, nadhifu kuliko letu):
mbawa za mende, miguu ya panzi,
na uzi wa buluu.
Vipande vitatu, vinne. Uzi wa sare
ninazoshona usiku hizi za Agosti
katika chumba cha pili, mlango umefungwa.
Mimi sikuwapa uzi.

Nikashika taa, nikapiga magoti, na umri huu.
Pale mpira unapoingia kwenye kifuniko
pana mwanya mwembamba kuliko mshono,
na mstari wao: mguu wa meza,
nyuma ya picha ya harusi, chini ya mlango,
wanakwenda,
na, hili ndilo lililonikalisha sakafuni,
wanarudi.

Tangu lini? Wanajua wao.
Mwadi aliniuliza kutoka kitandani nafanya nini chini.
Nikasema natafuta sindano.
Kisha nikafungua kopo la vaselini
nikapaka ukingo, mduara mzima,
polepole,
kwa adabu.