Kijiko na Nusu

Shehoza, pistoni zako nimezipanga juu ya gunia,
nne, kama meno ya mtu aliyepigwa.
Ya tatu imeyeyuka ukingoni.
Weka kidole. Imeshapoa
tangu Jumanne, gari lilipovutwa kutoka Muheza
kwa kamba ya katani.

Fundi wako wa kwanza alichonga hedi,
akapunguza chumba, akasifiwa:
gari likawa linajibu upesi kama mtoto wa chuoni.
Kisha wewe, kwa mkono wako,
ukakaza skrubu ya presha nyuma ya tabo.
Yeye kabana, nawe ukashindilia,
na katikati yenu palikuwa na moto.
Moto ukawaka kabla ya zamu yake,
pistoni ingali inapanda,
wakakutana njiani
kama mafahali wawili katika kichochoro cha Ngamiani.
Ile kokokoko uliyoisikia pale Pongwe
uliizima kwa kuongeza redio.

Leo nimepima.
Nimenunua bomba la sindano duka la dawa karibu na Bombo
(muuzaji akauliza nani anaumwa, nikasema silinda),
nimefunika chumba kwa kipande cha kioo,
nimedondosha mafuta ya taa tone kwa tone
hadi kiputo cha mwisho kikaniaga.
Kila silinda yako inameza mia tano.
Nikiiachia chumba cha sitini na saba kasoro,
mgandamizo ni nane na nusu kwa moja.
Nikibana hadi hamsini na tisa, ni tisa na nusu.
Tofauti yake, Shehoza, ni kijiko cha chai na nusu,
na ushee.

Kijiko na nusu!
Sukari hiyo hata mgeni haoni haya kuiomba.

Umesema: fundi, weka nane na nusu,
halafu nipe baa moja na nusu ya upepo.
Kiswahili nacho kina macho:
baa kipimo, baa ulevi, baa balaa,
na wewe unaagiza moja na nusu.

Njia ya Segera naijua, imenyooka,
katani kushoto, katani kulia,
hapo tabo ikijaza mapafu utaniita malaika.
Lakini kila Ijumaa unatoka Mombo kupanda Soni,
kona juu ya kona, gia ya pili,
tabo bado inapiga miayo,
unakanyaga, unahesabu moja, mbili, tatu,
lori la kabichi linakupita likikohoa.
Kule mlimani mgandamizo ndio miguu yako.
Tabo ni mbawa. Umeona kuku akipanda ngazi kwa mbawa?

Na petroli yenyewe? Pampu ya pale njia panda
haijawahi kula kiapo.
Na Februari ya Tanga, saa saba mchana,
hewa inaingia injini ikiwa imeshapikwa nusu.
Ukiibana sana juu ya hayo, itaiva kabla hujapakua.

Basi nimechagua.
Tisa kwa moja. Baa pointi nane.
Chumba sitini na mbili na nusu, vyote vinne,
nimevipima mara tatu, na cha pili mara nne
kwa sababu kilinidanganya.
Naona ulivyobetua mdomo.
Utapoteza kidogo kwenye mnyooko wa Segera,
wale vijana wa Chumbageni watakupungia mkono.
Wapungie.

Mbaruku, anayejifunza kwangu,
aliandika namba ukutani kwa chaki, akaniuliza
mbona tusichukue vyote viwili, cha juu na cha juu.
Nikampa ile pistoni ya tatu aishike.
Ameishika tangu adhuhuri.

Kitu kimoja zaidi.
Skrubu ya presha nimeiziba kwa rangi ya kucha,
nyekundu, ya mke wangu, kaninunia siku mbili.
Ukiigusa itapasuka, nami nitajua,
hata ukija na halua.