Kilo kwa Lita

Mwalimu Masigati aliandika, chaki ikimwaga unga:
tungamo ni densiti mara ujazo.
Akauliza dumu la lita ishirini lina kilo ngapi za maji.
Darasa likanyamaza kama korongo la Septemba.

Mimi nilijua.
Shingo yangu ilijua tangu darasa la pili,
siku mama aliponikalisha ngata ya kanga kuukuu utosini,
akanitwisha, akasema, "Simama wima.
Maji hayampendi mwenye haraka."
Ishirini, nikajibu.
Na dumu lenyewe kilo moja,
na ule mchanga wa kisimani unaotuama chini,
huo sijui.

Akacheka. Mchanga tuuache kwanza.

Kesho yake akaazima mizani ya alizeti kwa Chilewa wa dukani.
Tukalitundika dumu kwenye ndoana:
ishirini na moja. Sawa na shingo.
Kisha dumu jingine, ujazo ule ule,
maji aliyoyachota mbugani Bahi, kwenye majaruba ya chumvi.
Mshale ukatetemeka, ukapita,
ukasimama ishirini na nne.
Akatumbukiza yai. Yai likakataa kuzama.

"Lita ni chumba," akasema.
"Kilo ni waliolala ndani."
Nikaikumbuka tembe yetu:
chumba kimoja na nusu, watu tisa,
na mbuzi mwenye mimba.
Sikunyoosha mkono.

Mama hajui densiti.
Anajua safari tatu kwa siku,
na kwamba dumu la mwisho ni zito kuliko la kwanza
hata mizani ikikataa.

Desemba, usiku, ikanyesha.
Asubuhi nikakimbilia kopo la maziwa tulilolifunga kwenye nguzo,
nikashusha rula:
milimita kumi.
Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja,
hivyo ndivyo tulivyofundishwa.
Bati la darasa letu, nane kwa sita, arobaini na nane.
Mara kumi.
Lita mia nne themanini,
kilo mia nne themanini,
zimeshuka zenyewe gizani
bila kumwomba mtu kichwa.

Gawa kwa ishirini: madumu ishirini na manne.
Gawa kwa tatu: siku nane.

Siku nane za shingo ya mama
zilikuwa zimetiririka ukingoni mwa bati,
zimechimba mfereji kwenye udongo mwekundu,
zimepita chooni, zimekwenda zao.
Bata wa mlinzi walikuwa wanaoga humo.

Nikampelekea daftari.
Alikuwa ndiyo kwanza anatua, ngata bado kichwani, imelowa.
Nikamsomea kila mstari, pamoja na kugawanya.
Hakusema nina akili.
Alikitazama kile kisanduku nilichokichora kuzunguka nane,
akafuta maji shingoni kwa kiganja,
akauliza:

"Na gata la kuzunguka lile bati
ni shilingi ngapi?"