Chupa ya Usiku, Sikonge

Soma jina, Veneranda. Nami nasoma.
Kalunde Mihayo. Kundi B, chanya.
Tusome tena. Macho yetu yana usingizi,
na kosa la herufi moja huzikwa alasiri.

Chupa imetoka Tabora mjini ndani ya boksi la barafu.
Haina jina, ina namba.
Mumewe, shati lanuka moshi wa bani la tumbaku,
aliuliza: "Ya nani hiyo? Mtu wa wapi?"
"Ni B," nikamjibu.

Dakika kumi na tano za kwanza sibanduki.
Napima joto, natazama ngozi,
namuuliza kama mgongo unauma.
Damu nzito kuliko maji, tuliambiwa;
mrija nao unajua,
tone linajivuta, linajivuta,
ndipo lidondoke.

Saa tisa viganja vikaanza kurudi.
Kalunde akafumbua jicho, akataka uji,
kisha akafoka:
nani kamfunika mtoto hivi, kama mkungu wa ndizi?

Nikaandika kwenye faili: *hakuna tatizo.*

Mumewe bado yuko mlangoni,
mkono wa shati kaukunja tangu jioni.
"Yangu haikumfaa," anasema.
"Sasa itamfaa nani?"